Sehemu gani kwenye gemu huwa unaenda kutembea tu, bila misheni? Mimi nasema Mlima Chiliad

#1 MtembeziBure
Wakuu, habari za jioni.

Humu ndani tukizungumzia gemu ni misheni, silaha na magoli. Leo nataka tuzungumzie ile sehemu ambayo huna kazi nayo kabisa, hakuna wa kumpiga wala pesa ya kuokota, ila ukiwasha gemu unajikuta umeshafika.

Mimi nasema hakuna iliyoufikia Mlima Chiliad wa GTA (Grand Theft Auto) San Andreas, ile ya 2004. Natafuta pikipiki ya Sanchez, napita kimji cha Angel Pine, naanza kupanda ile barabara ya vumbi inayouzunguka mlima. Tairi la nyuma linateleza kwenye kona, na ukizidisha mafuta unarudi bondeni wewe na pikipiki yako. Kileleni nashuka, natembea hadi ukingoni, nazungusha kamera taratibu. Chini kote ni ukungu. Miji mikubwa ya gemu, Los Santos huioni, San Fierro huioni. Unajua tu kwamba ziko huko.

Sasa swali. GTA V ya 2013 ina ramani kubwa kuliko hii kwa mbali, na Chiliad yake imechorwa vizuri zaidi, kuna mpaka vibanda vinavyoning'inia kwenye waya vya kukupandisha juu. Nimepanda, nimeangalia, nimeshuka. Umbali sikuuhisi. Kwa nini mlima wa 2004 uko mbali na dunia na wa 2013 hauko? Na nyie huwa mnaenda kutembea wapi?

#2 DogoMbagala
Mkuu sehemu yangu ni ndani ya boksi la mpinzani, dakika ya 89. Haya, endeleeni na milima yenu.

#3 MwalimuWaZamu
Siwa, kwenye Assassin's Creed Origins ya 2017. Unatoka kwenye matuta ya mchanga, mara unaona mitende na maji, na huko ndiko nyumbani kwa Bayek mwenyewe, yule mhusika mkuu. Ukijitia kiburi ukazama sana jangwani, Bayek anaanza kuona mauzauza. Mtengenezaji aliyefikiria hilo alijua jangwa ni nini.

Halafu Februari 2018 waliongeza hali ya matembezi: mapigano yote yametolewa, kuna ziara 75 za kuongozwa, unatembea tu na kusikiliza maelezo kuhusu mazishi, kilimo, maktaba ya Alexandria. Nafundisha historia sekondari, niliiweka kwenye projekta. Darasa ambalo huwa linasinzia baada ya chakula cha mchana lilinibana kwa maswali hadi kengele. Binti mmoja alitaka kujua kwa nini masanamu yamebandikwa makombe ya baharini pale chini. Ni kweli, katika toleo hilo la matembezi waliyafunika uchi kwa makombe. Misri yote ya Cleopatra iko pale, ndugu zangu.

#4 NyotaYaLamu
Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtu wa pwani kwa hiyo mtanisamehe: bahari ya Assassin's Creed IV Black Flag, 2013. Sina haja ya kufika Havana wala Kingston. Nakunja sehemu ya tanga ili chombo kiende polepole, nawaacha mabaharia waimbe. Zile nyimbo unazikusanya kwa kukimbiza karatasi zinazopeperuka juu ya mapaa, na mimi nilizikusanya zote kwa sababu hiyo moja tu.

Upepo wake hauna ukweli wowote, chombo kinakwenda karibu kila upande bila kubisha, yaani bila kupinda huku na huku kuukabili upepo. Lakini wimbi wamelipatia. Pua inapanda, inakaa kidogo, inashuka, na maji yanafagia sitaha. Anayejua kusafiri kwa jahazi ataniunga mkono.

#5 MpendaRamani
Mwalimu, si Misri yote. Ramani ya mwanzo ni kaskazini: Siwa, Alexandria, Memphis, Giza, Fayum na jirani zake. Sinai ilikuja na nyongeza ya Januari 2018, Thebe na Bonde la Wafalme zikaja Machi mwaka huohuo. Na umbali umebanwa sana. Siwa hadi Alexandria ni mamia ya kilomita, humo unafika kwa farasi ndani ya dakika chache.

Ambalo linarudi kwenye swali la #1: kilomita za gemu hazipimwi kwa rula.

#6 FundiRedio
MtembeziBure, jibu lako ni fupi: ukungu.

PS2 (PlayStation 2), konsoli tuliyoichezea, ilikuwa na memori ya MB 32. Haiwezekani kuweka jimbo zima humo, kwa hiyo mashine inasoma vipande vya ramani kutoka kwenye diski wewe ukiwa unatembea. Cha mbele kinaingia, cha nyuma kinatupwa. Cha mbali hakipo kabisa. Ukungu ni pazia la kuficha kwamba hakipo. Wale tuliocheza na diski yenye mikwaruzo tunakumbuka barabara kuchelewa kuja na gari kudumbukia kwenye utupu wa bluu.

Ushahidi ni toleo lililofanyiwa ukarabati Novemba 2021. Waliondoa ukungu. Ukisimama juu ya Chiliad ukawa unaona mpaka majengo marefu ya mjini, na watu dunia nzima wakalalamika kwamba ramani imekuwa ndogo. Ramani haikupunguzwa hata hatua moja. Ni pazia limetolewa.

#7 MtembeziBure
FundiRedio asante, hilo la 2021 nimeliona. Lakini ukungu peke yake haunitoshi. Kuna gemu tele za PS2 zenye ukungu na hakuna anayezikumbuka.

#8 BabaJunior
Tena ukungu ni kitu kidogo. Angalieni barabara. Kutoka Los Santos kwenda mashambani hakuna njia iliyonyooka, unapinda, unashuka, unavuka daraja, unapita nyuma ya kilima, kila ukifika kona huoni kilicho mbele hata kungekuwa hakuna ukungu. Halafu hakuna ule mstari wa kukuonyesha njia kwenye ramani ndogo. Huo ulikuja na GTA IV mwaka 2008. San Andreas ilibidi uijue njia kichwani. Mtu aliyeshikwa mkono hajui alikopita.

Na ule mlima uko Red County pale, umezungukwa na...

#9 MpendaRamani
Whetstone, BabaJunior. Chiliad iko Whetstone, kusini-magharibi. Red County ndiko kwenye mashamba, upande wa kaskazini wa Los Santos.

#10 BabaJunior
Whetstone sawa. Hoja ya barabara iko palepale.

#11 MseeWaUmoja
Wasee, mmesahau Far Cry 2 ya 2008. Hiyo ndiyo savana pekee kwa gemu iliyonifanya nisimamishe gari nishuke. Nchi haina jina, iko Afrika tu, lakini nyasi ni zenyewe. Asubuhi kuna ule mwanga wa rangi ya machungwa mbichi, pundamilia wanakimbia ukipita, na ramani si ya kwenye skrini: mhusika anaishika mkononi huku anaendesha, macho yanatoka barabarani kabisa. Una malaria gemu nzima. Katikati ya safari skrini inaanza kugeuka njano, inabidi umeze dawa.

Kitu changu ni moto. Ukiwasha nyasi kavu, moto unafuata upepo. Nilikuwa naenda kwa kilima, nawasha upande mmoja, halafu naketi kuona utafika wapi. Mtu aliyekulia karibu na mbuga anajua moto wa nyika unavyoruka barabara. Walifanya ile kazi vizuri.

#12 Mama_Pili
MseeWaUmoja, mandhari nakubali. Ila nimeicheza ile gemu mpaka mwisho na kuna jambo liliniudhi: wenyeji wako wapi? Kuna vibanda, hakuna anayepika. Kuna barabara, hakuna mama mwenye ndoo. Kila unayekutana naye njiani ana bunduki na anakufyatulia. Simba hayupo, mtoto hayupo. Savana isiyo na watu naielewa, lakini nchi isiyo na watu ni kitu gani?

Afadhali Madagaska ya Uncharted 4, 2016. Kwanza ule uwanda wa matope na gari lenye waya wa kujivutia, unaufunga kwenye mti unajipandisha mteremkoni. Halafu unaingia mjini na kuna soko: watu wananunua, wanaongea, wanakupisha. Nilizunguka soko lile kuliko nilivyopigana.

#13 MseeWaUmoja
Hapo kwa watu nakupa haki yako dada. Na vile vizuizi vya barabarani! Unaua walinzi wote, unaenda mbali kidogo, ukirudi wamejaa tena.

#14 Kijakazi_wa_Konsoli
Mkizungumzia Afrika za kwenye gemu, Resident Evil 5 ya 2009 ilinishtua: nimekaa chumbani usiku, mara maadui wananipigia kelele kwa Kiswahili. Mama akaja kuuliza nani anagombana humu ndani. Kwenda kutembea huko, hapana.

#15 MzukaWaBack
Mimi ni wa San Andreas lakini si mlimani. Naenda msitu wa Back o' Beyond, chini ya mlima upande wa mashariki. Usiku, kwa miguu. Mnakumbuka yale magari? Gari bovu, halina mtu, linakuja lenyewe likiteremka kati ya miti. Mtaani kwetu hakuna aliyekubali kwenda huko peke yake. Wakubwa walisema ni mzuka, wengine wakasema ni jini la mama yake CJ, yule unayemchezesha, na Bigfoot, lile jitu la msituni lenye manyoya, naye yumo. Wako watu wanaapa wamemwona.

#16 FundiRedio
MzukaWaBack, magari yale ni mahesabu tu. Mchezo umepangiwa kuweka gari bovu pale, na pale ni mteremko, hakuna breki ya mkono. Ukikaribia gari linatokea, linaanza kuteleza. Bigfoot hayupo, Rockstar, watengenezaji wenyewe, walikanusha mapema. Walimweka kwenye GTA V baadaye, misheni inafunguka ukimaliza mchezo kwa asilimia 100.

#17 MzukaWaBack
Fundi, maelezo yako nimeyaelewa na bado usiku siendi na taa zimezimwa. Na swali la #1 naona linajibiwa hapahapa: sehemu ambayo hujui ina nini ni kubwa kuliko ile unayojua ina nini. Mwaka 2005 hakuna aliyekuwa na intaneti ya kufungua na kuhakikisha. Tulikuwa tunaambiana. Bigfoot aliishi kwa sababu ya kuambiana.

#18 ShabikiWaMwezi
Wakati mko kileleni, chukueni bunduki ya kudungulia, lengeni mwezi, fyatueni. Unabadilika ukubwa! Kila risasi.

Na hili lina historia yake. Obbe Vermeij, aliyekuwa mkurugenzi wa ufundi wa Rockstar North, alieleza kwamba wakati wa GTA III wachoraji walikuwa hawakubaliani mwezi uwe mkubwa kiasi gani. Akawawekea njia ya kuubadilisha papo hapo kwa kuupiga risasi ili waamue. Hawakuamua. Ikabaki, hadi San Andreas.

#19 DogoMbagala
#18 wewe! Hii nimejaribu sasa hivi kwa simu ya kaka na imekubali. Nisameheni kuhusu milima, nisomesheni.

#20 Karibu_Angel_Pine
Nyote mnazunguka, jibu liko kwenye hadithi.

Mwanzoni umefungiwa Los Santos. Ukivuka mpaka unapewa nyota nne za kusakwa na polisi wanakumaliza. Kwa hiyo saa nyingi za kwanza mashambani ni sehemu iliyokatazwa, unaiona kwenye ramani tu. Halafu siku moja kila kitu kinaharibika kwa mpigo: kaka yako amekamatwa, marafiki wamekugeuka, na Tenpenny, yule polisi fisadi, anakutupa porini karibu na Angel Pine. Huna gari, huna genge, Grove Street, mtaa wako, umeondolewa. Na misheni ya kwanza huko inakupeleka wapi? Mlima Chiliad, kumtafuta shahidi kwenye kibanda na kurudi na picha.

Yaani MtembeziBure, mara ya kwanza hukwenda mlimani kutembea. Ulifukuzwa nyumbani. Kwenye GTA V ramani yote iko wazi karibu tangu mwanzo, na mlima unaukuta ukiwa na gari na simu.

#21 MtembeziBure
Karibu_Angel_Pine, hii imenigusa kuliko zote. Ila kuna shida moja: mdogo wangu aliupenda mlima uleule na yeye hajawahi kucheza misheni hata moja. Alikuwa anafungua sevu yangu kwenye memori kadi, nchi yote ishafunguliwa, anapanda, anaruka na lile parachuti la kileleni. Yeye hakufukuzwa na mtu.

#22 Msafiri_wa_Hamburg
Habari wana uzi. Naendesha lori huku Ujerumani na nikifika nyumbani, mke wangu hataki kuliona hili, nafungua Euro Truck Simulator 2. Sehemu yangu ni barabara ya Norwei kwenye nyongeza ya Scandinavia, alfajiri, mvua ndogo.

Nataka kuongeza jambo ambalo hamjaligusa: saa. Katika gemu hii ramani imepunguzwa kama 1 kwa 19, na kwenye barabara kuu saa ya mchezo inakimbia kwa kiwango hichohicho. Ukiingia mjini inapunguza mwendo. Kwa hiyo nikitoka bandarini asubuhi nafika jua likiwa limezama, mwili unaamini nimesafiri siku nzima.

San Andreas je? Dakika moja ya mchezo ni sekunde moja. Siku nzima ni dakika 24. Unatoka Los Santos mchana, unazubaa njiani, unafika juu ya Chiliad jioni. Kwenye GTA V siku ni dakika 48, na magari yanakimbia. Unapanda mlima na jua halijasogea. Si umbali uliopungua, ni jua lililosimama.

#23 MpendaRamani
Hii ya saa sijawahi kuisikia na hesabu zake ziko sahihi. Lakini Red Dead Redemption 2 nayo ina saa ya taratibu, siku ni dakika 48 hivihivi, na kule Ambarino kwenye theluji najihisi mbali sana na watu. Kwa hiyo saa nayo haimalizi.

#24 BabaJunior
Kwa sababu huko uko na farasi! Farasi hafiki haraka, na njia zinapinda. Nilisema barabara.

#25 HoniYaMchana
Nawasoma tu na basi langu la Bus Simulator Indonesia kwenye simu. Toka 2017 niko nalo. Vijana wamelitengenezea rangi za mabasi ya kwetu, ukilitazama kwa nje ni basi la Ubungo, ukiinua macho ni Java na vibao vya Kiindonesia. Sifuati ratiba wala abiria, naendesha usiku barabara ya kulipia, napiga ile honi ya muziki. Kwa anayefanya kazi ya kusimama siku nzima, nusu saa ya hiyo ni mapumziko.

#26 Mchimbaji_Beta
Mnaotaka mbali kweli njooni Minecraft ya zamani, kabla ya Beta 1.8 ya mwaka 2011. Ukitembea matofali zaidi ya milioni 12.5 kutoka katikati, hesabu za kutengeneza milima zinazidiwa na ardhi inageuka ukuta wenye matundu hadi mawinguni. Hakuna aliyekusudia kupajenga. Kuna Mmarekani, Kurt J. Mac, alianza safari ya kwenda huko kwa miguu Machi 2011 huku akichangisha pesa za misaada. Mimi nimeenda kwa kuhamishwa moja kwa moja kwa amri, sikutembea, na nilipofika nilisimama tu nikiangalia, sikuhisi chochote.

#27 Karibu_Angel_Pine
Mchimbaji_Beta hujahisi kwa sababu hukutembea. Ndicho tunachosema humu toka jana.

#28 MtuWaBanda
Ngoja nami niseme la banda la gemu. Tulicheza San Andreas kwa kulipia nusu saa, TV ya kichogo, watu sita wameegemea kiti chako. Ukichagua kwenda mlimani badala ya kupora magari, wote wanapiga kelele: "Unaharibu muda!" Nusu ya muda wako inaisha unapanda. Ukifika kileleni mwenye banda anakugusa bega. Kitu ulichokilipia na hukukimaliza kinabaki kikubwa. Kwenye GTA V niko kwangu, sofani, hakuna anayenigusa bega.

Na zile TV zilikuwa zinafifisha picha. Toleo la PS2 lenyewe lilikuwa na anga la rangi ya chungwa ambalo kwenye kompyuta halikuwepo hivyo. Nani kati yenu amelinganisha kwa macho?

#29 FundiRedio
Mimi nimelinganisha. Lile toleo lililokarabatiwa lilipewa sasisho Novemba 2024 kwenye konsoli na kompyuta, kuna sehemu ya kuchagua mwanga wa zamani, na ukungu umerudi. Nimesimama kileleni nikawasha, nikazima, nikawasha. Ukizima unaona miji na mlima unakuwa kilima. Ukiwasha mlima unarudi. Nasimama na ukungu.

#30 MzukaWaBack
Nami nimefanya jaribio hilohilo, ila bondeni, ndani ya Back o' Beyond, kwa miguu. Nimezima ukungu, na msitu haukupungua kitu, maana miti yenyewe inakuzuia kuona. Ukipaa na ndege ndiyo unaona kila kitu kimesogeleana. Kwa hiyo Fundi uko sahihi ukiwa juu tu.

#31 BabaJunior
Miti, kona, vilima. Barabara.

#32 DogoMbagala
Wakubwa, ya kwangu ya simu ni ile ya zamani ya 2013. Huo mwanga wa zamani nitaupataje?

#33 FundiRedio
Kwenye ile ya 2013 haupo. Kwa simu ni toleo la Desemba 2023, lile lililoletwa na Netflix, lilikuja na mwanga huo tangu siku ya kwanza. Angalia nafasi ya simu kabla hujapakua, ni zito. Kisha nenda na baiskeli, kileleni kuna mashindano ya kushuka, yanafunguliwa saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni kwa saa za mchezo. Anza na njia ya kwanza, ile ya tatu itakuvunja shingo.

#34 NyotaYaLamu
Dogo ukifika tuambie uliona nini, na kama ukungu uliwasha au ulizima. Hapa kura bado zinagombana.